Shoka Moja Lilibaki Jogoo Road

Baba Mutheu wangu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye roshani ya nyumba ya Mutheu hapa Tassia, ghorofa ya nne, mahali ambapo usingekubali kuishi hata wiki moja kwa sababu hakuna pa kuweka gogo. Nguo za majirani zinaning'inia mbele yangu, na ng'ambo ni ukuta wa ghorofa nyingine. Wiki hii nina safari ya hospitali, nitakueleza mbele. Kwa sasa roho haitulii, na roho yangu isipotulia unajua hukimbilia wapi. Hurudi mwaka ule wa mashoka.

Mutheu anasema niyapeleke haya kwa Mungu. Nimemwambia Mungu husikia hata nikinyamaza, wewe ndiye ulikuwa lazima uambiwe mara mbili.

Unakumbuka jinsi mambo yalivyoanza. Vinyago vilikuwa havinunuliki. Watalii walikuwa wamepungua kwa sababu ya habari za fujo, na twiga wako wa mbao walisimama kwenye rafu kibandani kwako, sokoni Gikomba, wakikusanya vumbi, wote wameelekeza shingo mlangoni. Ukaja nyumbani ukiwa na karatasi iliyokunjwa ndani ya shati. Ukaitandaza mezani, ukaishikilia pembe kwa vikombe.

"Mzungu anataka mashoka," ukasema.

"Ya kukata nini?"

"Ya kutokata."

Nilidhani umekunywa. Ukanieleza polepole, kwa sababu wewe pia ulikuwa bado unajieleza mwenyewe. Yule mteja mrefu, mwalimu, alikuwa na wenzake wa kwao waliokutana mara kwa mara kuigiza vita vya mababu zao, vya karne na karne zilizopita, enzi za wafalme wa Ulaya waliopigana kwa panga na mashoka. Walivaa mashati yaliyosukwa kwa pete za chuma, wakashika ngao, wakapigana, wakaanguka, kisha wakainuka kunywa chai. Mashoka yenyewe ya zamani yalikuwa yamefungiwa kwenye majumba ya makumbusho huko kwao. Wao walitaka ya kufanana nayo kabisa, umbo lile lile, mpini ule ule mrefu, ila makali yawe mazito kama ukingo wa sahani na kona zimeviringwa, ili mtu asije akakatika mchezoni.

Nikakuuliza, "Na akipigwa nalo kichwani?"

"Wanavaa kofia za chuma."

"Na kofia ikianguka?"

Ukanitazama, ukatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Mwikali, wewe ukipewa kiti utauliza kama kina miguu."

Ni kweli. Nilizaliwa hivyo. Mama yangu alisema nilipokuwa mtoto nilikuwa nikiamka kuangalia kama mbuzi bado wanapumua. Lakini wewe hukuwahi kunicheka mbele ya watu, na hilo nalikumbuka.

Ulikuwa fundi wa mbao, hukuwa mhunzi, kwa hiyo vichwa vya mashoka ulimpelekea Barasa. Nani mwingine? Alikuwa jirani yetu wa ukuta mmoja pale Makadara, mtu wa magharibi, amestaafu kutoka karakana ya reli, na nyuma ya nyumba yake alikuwa na kipande cha reli alichokitumia kama fuawe. Alinunua springi kuukuu za lori, akazikata, akazipasha moto, akazifua. Aliposhika mchoro kwa mara ya kwanza aliugeuza juu chini, kisha akaona ile kona ya chini inavyoning'inia kupita shingo ya shoka.

"Hili lina ndevu," akasema.

"Kama zako," ukamjibu.

Tangu siku hiyo yakawa mashoka ya ndevu. Barasa alijifanya amekasirika, akawa anajipangusa kidevu kila unapopita.

Ile miezi ya kwanza ilikuwa mizuri, nataka ujue nimeihifadhi. Jumamosi tulikaa uani sote. Barasa na nyundo yake upande ule, wewe na randa upande huu ukitengeneza mipini kwa mti mgumu uliotumiwa kutoka Kitui. Mutheu alisugua kwa msasa hadi nywele zake zikawa nyeupe kwa unga wa mbao, kisha akayapaka mashoka mafuta yasishike kutu, akiimba nyimbo za shuleni. Mimi nilichana majaketi ya ngozi ya mitumba yaliyokuwa yameraruka, nikashona vipande vya kuzungushia mpini chini ya kichwa, kama ulivyotaka mchoro. Mke wa Barasa, Mama Nekesa, alileta chai na viazi vitamu. Mpini ulipokamilika ulichonga alama yako mwishoni kabisa, unyayo mdogo wa kuku, vidole vitatu mbele na kimoja nyuma. Nilikuuliza kwa nini kuku. Ukasema twiga kila mtu anachonga.

Hukuyaacha mashoka Gikomba kwa sababu ya moto. Vibanda vya mbao vilikuwa vikiungua mara kwa mara, na wezi nao hawakulala. Kwa hiyo kila lililokamilika lilikuja nyumbani, likafungwa kwenye gunia, likaingia chini ya kitanda cha Mutheu. Nilikuwa nikifagia, ufagio unagonga chuma, moyo unaruka. Nikawa nafagia kwa mkono.

Kisha uchaguzi ukakaribia.

Sihitaji kukukumbusha redio ilivyokuwa ikisema. Watu kuchomewa nyumba huko Bonde la Ufa, familia kulala makanisani. Huku kwetu hakukuwa na moto, lakini watu walianza kuhesabiana. Nyumba hii ya nani, ile ya nani, wale wanapiga kura wapi. Watu tuliokuwa tukiazimana chumvi tukaanza kupigiana hodi kwa sauti ya juu, ili tusionekane tumekuja kimyakimya.

Siku moja nilikwenda kuteka maji. Mfereji ulikuwa na wanawake kama kawaida, kelele kama kawaida. Nilipofika wakanyamaza. Nikasalimia, wakaitikia. Nikaweka mtungi kwenye foleni, na mwanamke aliyekuwa mbele yangu akanipisha. Baba Mutheu, umewahi kusikia mtu kupishwa foleni ya maji Makadara? Hapo ndipo nilipojua kuna jambo.

Mama Atieno, yule wa nyumba ya kona aliyekuwa akiuza omena, ndiye aliyenifuata hadi mlangoni.

"Nikuulize kitu na usikasirike," akasema. "Watu wanasema kwako kuna mashoka gunia kwa gunia. Wanasema Wakamba mmeletewa."

"Ni ya wazungu. Ya mchezo."

"Mchezo gani?"

Nikajaribu kumweleza. Nilijisikia nikisema, wafalme, ngao, kuanguka na kuinuka, chai. Kadiri nilivyoeleza ndivyo uso wake ulivyozidi kufunga. Mwishowe akasema, "Mama Mutheu, mimi nina watoto wanne katika nyumba ile," akaenda zake. Sikumlaumu. Ningekuwa yeye ningekwisha kuhama.

Ulipokuja nilikwambia, na kwa mara ya kwanza hukusema neno juu ya kiti na miguu yake. Uliketi ukavua viatu. Ukasema Barasa naye amejiwa na watu wa kwao, wanamuuliza anafulia nani silaha, na kwa nini anawapa wengine kabla ya ndugu zake. Aliwajibu kwamba amepewa kazi na anaifanya. Wakaondoka bila kuaga.

"Na mzee wa mtaa?" nikauliza.

"Amenisimamisha njiani. Amesema nivitoe vitu vile kabla hawajaja watu wengine kuvitoa."

Tukakubaliana yaondoke. Lakini yaondoke vipi? Mteja alikwisha kuambiwa na wenzake asikanyage mitaa yetu hadi kura zipite. Aliahidi kuleta gari Gikomba mchana, mbele ya kibanda chako, asiende mbali zaidi ya hapo. Mwenye pikapu tuliyemjua aliposikia mzigo ni nini alisema gari lake ni bovu, na wakati anasema hivyo lilikuwa linanguruma. Ikabaki mkokoteni.

Nilikwambia usiende peke yako. Ukasema nibaki na mtoto. Nikampeleka Mutheu kwa Mama Nekesa, nikarudi nikakukuta unapanga magunia, nikavaa kitambaa cha kichwa. Hukubishana. Tulifunika mashoka kwa robota la mitumba, sweta za wazungu wa baridi, tukafunga kamba. Barasa akakusaidia kufunga fundo la mwisho. Alitaka kuja, ukamkataza, ukamwambia kwamba akionekana nasi tutakuwa tumempa kila mtu sababu. Alisimama mlangoni akitutazama, mikono imening'inia kama ya mtu aliyenyang'anywa kitu.

Jogoo Road ilikuwa na jua. Wewe ulivuta mbele, mimi nilisukuma nyuma. Kila gurudumu lilipoingia shimoni mashoka yalilia chini ya sweta, kling, na mimi nikakohoa ili kufunika sauti. Nilikohoa hadi koo likaniuma kwelikweli. Ulinigeukia ukasema, "Ukiendelea hivyo watadhani tumebeba wagonjwa." Sikucheka. Nilikuwa naomba. Sikuomba maneno marefu, nilikuwa nasema tu, tupite, tupite, tupite.

Hatukupita. Karibu na mzunguko wa barabara kulikuwa na vijana wamekaa juu ya kalavati, kundi zima, wengine na fulana za chama, wengine bila shati. Mmoja akashuka taratibu akashika mbele ya mkokoteni. Alikuwa mtu mzima kidogo kuliko wenzake, na kovu kwenye nyusi.

"Niaje mzae. Mnapeleka nini?"

"Mitumba."

"Mitumba inalia kling?"

Mwingine akatoa kisu, akakata kamba. Sweta zikamwagika barabarani, kisha gunia likafuata, likapasuka, na mashoka ya ndevu yakatapakaa kwenye lami juani, yaking'aa kwa yale mafuta aliyoyapaka mtoto wetu. Nasikia mlio ule hadi leo. Nikaona watu waliokuwa wakipita wakigeuka na kurudi walikotoka.

"Za nani?" akauliza mwenye kovu, na safari hii hakukuita mzae.

Ukawaeleza. Ulieleza vizuri kuliko mimi, kwa sauti yako ile ya dukani. Wakakusikiliza. Mmoja akasema unawaona wajinga. Mwingine akaokota shoka akalipima mkononi, akalipunga hewani, likavuma. Nikaona wewe unaweka mkono wako wa kulia juu ya ubao wa mkokoteni, kiganja chini.

"Kama ni la kukata," ukasema, "basi nikate nione."

Baba Mutheu, mkono ule. Mkono uliotulisha. Na nilijua kama ulivyojua wewe kwamba chuma kile hakihitaji makali ili kuvunja mifupa. Lilikuwa shoka butu, lakini lilikuwa springi ya lori. Yule kijana akakuangalia, akaangalia mkono, na nikaona bega lake linaanza kupanda.

Sijui nilifikaje. Nilichojua ni kwamba nimeshika kile kichwa cha shoka kwa mikono miwili, nimekivuta kuelekea kwangu, nimekunja mkono wa blauzi, na nimeyakandamiza makali kwenye mkono wangu mtupu, nikayaburuta kutoka kiwiko hadi kifundo. Nikayarudisha tena. Nikayaburuta shavuni. Kijana akabaki ameshika mpini kama mtu aliyeshika mkia wa ng'ombe.

"Angalia," nikamwambia. "Angalia, halikati. Hata kitunguu halikati. Ni la mchezo."

Mkononi palibaki mstari mweupe, kisha ukawa mwekundu, kisha ukafifia. Hapakuwa na damu. Wote walikuwa wamesogea kutazama. Mwenye kovu akapapasa makali kwa kidole gumba.

"Mathe," akasema, "hawa wazungu wanapigana vita vya nani?"

"Vya babu zao."

"Kwani hawajamaliza?"

Mmoja akacheka, akafuatwa na mwingine, na kicheko kikaenda hadi kwa waliobaki kwenye kalavati, ambao hawakuwa wamesikia chochote. Wewe ukaanza kuokota mashoka, haraka lakini bila kukimbia, na wawili kati yao wakakusaidia kukusanya sweta. Mmoja alijaribu moja, akabaki nayo. Tulimwachia.

Tulipokuwa tumefunga tena, mwenye kovu alikuwa bado ameshika shoka.

"Hii nabaki nayo," akasema.

"Mteja wangu atalihitaji," ukamwambia.

"Mwambie imepotea vitani."

Ukatazama mkono wangu, ukatazama barabara, ukashika mikono ya mkokoteni. Tukaondoka.

Mteja alipokea mzigo akashukuru, akaambiwa moja bado. Ukaahidi Barasa atafua lingine, na akafua. Baadaye alitualika kwenye mchezo wenyewe, katika uwanja wenye nyasi kama zulia, mbali na kwetu. Uliona ninyi wawili mlivyokaa, wewe na Barasa? Mimi niliwatazama ninyi zaidi ya wapiganaji. Wanaume wazima walikimbiana, wakapigana kwenye ngao, wakapiga mayowe ya lugha yao, na kila shoka liliposhuka Barasa alivuta pumzi kwa ajili ya chuma na wewe kwa ajili ya mpini. Hakuna kilichovunjika. Mzee mmoja mwenye tumbo aliuawa mara mbili, akaja kuchukua keki. Njia nzima ya kurudi mlicheka. Barasa alisema katika maisha yake yote ya kazi hajawahi kufua kitu kisicho na faida namna ile na akakifurahia namna ile.

Mimi nilicheka pia. Lakini nilikuwa nafikiria lile lililobaki.

Sikukwambia lote, kwa hiyo nakwambia sasa. Wewe ulilala kwa sababu magunia yalikuwa yametoka nyumbani. Mimi ndipo nilipoacha kulala. Chini ya kitanda nilijua yako wapi. Sasa moja lilikuwa mahali nisipopajua, mikononi mwa mtu mwenye kovu, na kura zinakuja. Redio ilisema mtu amepatikana amepigwa kichwani mahali fulani, nami niliacha mwiko kwenye sufuria nikasubiri waseme kwa kitu gani. Hawakusema. Siku nyingine walisema rungu, nikamshukuru Mungu, kisha nikaona aibu, kwa sababu mtu yule alikuwa amekufa hata hivyo. Nilikuwa nawaza wakilikuta, wakageuza mpini, wakaona unyayo wa kuku, wakaja kugonga mlango. Na mbaya zaidi kuliko kugonga mlango, nilimuwaza mwanamke mwingine akiwa mahali fulani na mume asiyerudi, kwa kitu ambacho mtoto wangu alikipaka mafuta akiimba.

Nilikuuliza mara moja, "Unadhani amelifanyia nini?"

"Ameliuza," ukasema. "Au limemchosha amelitupa."

"Na kama hakulitupa?"

Ukaweka patasi chini. "Mwikali, mimi nilitengeneza kitu cha watu kuigiza. Siwezi kuvaa mikono ya kila mtu." Kisha ukatoka nje, na nikajua kwamba wewe pia hukuwa umetulia.

Kura zikapita. Watu wakapanga foleni, wakarudi na wino kidoleni. Pale kwetu hapakutokea lolote zaidi ya vioo viwili vitatu. Mama Atieno akaanza tena kunikopesha omena. Lakini mimi sikuweza kukaa na jambo lisilo na mwisho. Siku moja nilipokwenda Gikomba kukuletea chakula, nilikuacha unakula nikasema naenda kutafuta nyuzi. Nilienda kumtafuta yule mtu.

Niliuliza wavuta mikokoteni. Nilisema ana kovu hapa, kwenye nyusi. Walinituma huku, wakanituma kule, wengine walidhani namdai au amempa binti yangu mimba. Mwisho mzee mmoja wa mbao akanionyesha upande wa mto, kwenye vibanda vya chakula. Nilienda nikiwa nimeshika pochi kifuani kwa mikono miwili. Nilisikia kabla ya kuona. Kitu kilikuwa kinagonga, taratibu, kwa uzito, na baada ya kila pigo kulikuwa na sauti ya kupasuka kwa mfupa.

Alikuwa amesimama nyuma ya gogo, kwenye kibanda cha supu, na aproni yenye mafuta. Juu ya gogo kulikuwa na miguu ya ng'ombe. Mkononi alikuwa na shoka la ndevu.

Alinitambua kabla sijafungua mdomo. "Mathe wa mitumba," akasema, akashusha shoka. Akaita mwanamke aliyekuwa akikoroga sufuria, mkewe, akamwambia, "Ndiye huyu nilikuambia. Aliyejikata na isikate."

Mwanamke yule akanitazama mkono, si uso.

"Shoka la kienyeji hukata mfupa likaacha vipande vidogo vya kumchoma mteja mdomoni," mwenye kovu akanieleza, kama vile nimekuja kununua. "Hii hapana. Hii inaponda. Uboho wote unatoka. Mwambie mzae ni kitu safi."

Nilitaka kumuuliza kama limewahi kugusa kingine kabla ya hapo. Ndiyo ilikuwa sababu ya kwenda. Swali lilifika kwenye meno. Nikamtazama, na nadhani alijua ninachotaka kuuliza, kwa sababu aliacha kutabasamu. Akasema, kwa sauti ya chini, "Siku ile ile nilileta hapa. Muulize yeye." Mkewe akatikisa kichwa kukubali, akanichotea supu, akaweka pilipili bila kuniuliza. Nilikaa kwenye benchi nikainywa yote, na machozi yakawa yanaingia bakulini. Walidhani ni pilipili, au walijifanya.

Niliamini. Sijui kama nilikuwa na haki ya kuamini, lakini niliamini.

Niliporudi nilikwambia wapi nimetoka. Ulinisikiliza hadi mwisho ukiwa umeshika kijiko. Nilingoja useme umefurahi, au unikaripie kwa kwenda peke yangu.

"Mpini unalowa?" ukauliza.

"Unalowa mafuta na damu kila siku."

"Utaoza shingoni," ukasema, ukasimama, ukaanza kuchagua kipande cha mti. Kesho yake ulimpelekea mpini mpya. Ulirudi ukinuka supu, na kwa mara ya kwanza tangu Jogoo Road nikakusikia ukipiga mluzi.

Ulikaa nasi miaka mingi baada ya hapo, namshukuru Mungu, ingawa kifua chako kilikuwa kimekwisha kujaa vumbi la mbao na wewe ulikuwa unasema ni baridi. Barasa amerudi kwao magharibi, masikio yamekufa kwa nyundo, ananipigia simu kwa mayowe kana kwamba mimi ndiye kiziwi. Mama Nekesa amebaki huku kwa binti yake, na ndiye atakayenisindikiza.

Maana hospitali ni ya macho. Wanasema ni mtoto wa jicho. Wanasema ni jambo dogo, watu wanaingia wakiwa hawaoni na kutoka wakisoma Biblia. Lakini ni kisu, Baba Mutheu, na safari hii kinakata. Mutheu anadhani siogopi kwa sababu nimekwisha kupanga nguo kwenye mfuko. Nilizipanga ili mikono ipate kazi.

Ulipokufa nilidhani hofu itapungua. Niliwaza, nililoliogopa kuliko yote limekwisha kutokea, limebaki nini. Haikupungua. Ilihama tu, ikaenda kukaa kwa Mutheu anapochelewa kazini, ikakaa kwenye ngazi hizi zisizo na mahali pa kushika, ikakaa kwenye redio kila uchaguzi unaporudi. Niliwahi kufikiri ni ugonjwa. Siku hizi nafikiri ni hesabu tu ya wale ninaowapenda, na kwamba mtu asiye na wa kumwogopea ndiye mgonjwa.

Kwa yale ya barabarani watu walisema nilikuwa jasiri. Barasa alisema, Mama Nekesa akarudia kanisani, nawe ukanishika mkono ule, pale palipokuwa na mstari. Sikuwa jasiri. Sijawahi kuogopa vile tena. Niliona bega la yule kijana linapanda na mkono wako uko pale, na hofu ikanisukuma mbele badala ya kunirudisha nyuma, basi.

Sasa Mutheu ananiita nile. Amepika ugali laini kama wa mgonjwa na bado sijaugua. Pumzika salama huko uliko, na kama kuna mbao huko usikae mahali penye vumbi. Siku ya hospitali nitaamka, nitavaa lile gauni la kijani, nitampa Mama Nekesa mkono, na nitaingia mlango ule nikitetemeka mwili mzima. Lakini nitaingia.

Mkeo, anayekuogopea hadi leo,
Mama Mutheu